Vyombo Vitatu vya Kajaga

Siku Adija alipojua kwamba sauti yake inatafutwa, alikuwa amechutama uani kwake Buyenzi akisugua sufuria za arusi ya watu, kitenge kimekazwa kiunoni, mikono imejaa majivu na povu. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo: sahani, sinia, bilauri ambazo kila arusi huzipunguza, na sufuria za pilau ambazo mtoto angeweza kuogea ndani. Mtaani alijulikana kwa vyombo hivyo na kwa mdomo wake, na kusema kweli mdomo ndio uliokuwa na jina kubwa zaidi.

Lubna aliingia bila hodi wala salamu. Huyu Lubna, jirani yake muuza vitenge, salamu zake kwa kawaida huanzia barabarani na kuisha chai ikishaiva. Kwa hiyo Adija alipomwona amesimama kimya mbele yake, mtandio umemteleza mpaka mabegani, alijua kuna jambo kabla hajasikia habari yenyewe.

"Mama Raihana," Lubna alisema kwa sauti ya chini, "ile audio yako iko inazunguka."

"Audio gani? Ziko mingi."

"Ile ya vyombo. Ya kushuka Kajaga. Watu ya usalama wako nayo. Wanauliza ni sauti ya nani."

Adija aliacha kusugua. Akabaki amechutama vilevile, maji machafu yakimtiririka kwenye viwiko.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana asiyejua habari za Kapiteni Zuhura ataona wanawake hawa wamerukwa na akili. Tangu utotoni Adija alikuwa na ugonjwa wa hadithi za anga. Aliupata katika vibanda vya video vya Buyenzi, ambako jamaa mmoja mwenye kipaza sauti alizifasiri filamu kwa Kiswahili na kuzitia chumvi mpaka zikawa za kwake. Adija alipenda zile zenye vyombo vinavyoruka kati ya nyota na nyota, na watu wachache wenye chombo kibovu wanaokataa kumpigia magoti mtawala aliyezishika nyota zote mkononi. Akina mama walimwambia hayo ni mambo ya wavulana. Akakua, akaolewa, akazaa mtoto mmoja, Raihana, akafiwa na mume, na ugonjwa haukupona.

Halafu ikaja arusi ya Hiba, binti wa mtaa wa pili. Wanawake wakafungua kundi la WhatsApp la kupanga mapishi, arusi ikapita, kundi likabaki, maana hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutoka wa kwanza. Jioni moja umeme ulipokatika Adija alibonyeza kitufe akaanza kusimulia. Alikuwako kapiteni aitwaye Zuhura, mwanamke, ana chombo kilichochakaa mpaka hakiwaki bila kusukumwa. Kesho yake wale wanawake, ambao maishani mwao hawakuwahi kuulizia habari ya nyota yoyote, walikuwa wanataka kujua chombo kiliwaka au hakikuwaka.

Tatizo lilikuwa majina. Mwanzoni Adija alizipa sayari majina ya kigeni aliyoyabuni mwenyewe, na Lubna akawa anayachanganya na dawa za tumbo. Basi Adija akakata njia ya mkato, akachukua majina ya mitaa ya mji wao wenyewe. Sayari ya chini, inayofurika kila mvua na ambako Mkubwa wa Nyota hutupa watu asiowataka, akaiita Buterere. Ile iliyobanana watu mpaka wanapeana zamu za kupumua ikawa Nyakabiga. Na ile yenye ziwa, penye bandari ambayo anayeishika ameshika njia zote za anga, ikawa Kajaga. Wanawake walicheka siku nzima, na tangu hapo hakuna aliyepotea tena.

Lakini kicheko sicho kilichowanasa. Hawa walikuwa wanawake ambao kabla ya kusema bei ya sukari huangalia kwanza mlangoni. Walikuwa wamezika watu wao bila kuuliza swali. Waliwafundisha watoto wao kusema "sijui, sikuwepo" hata kabla ya kuwafundisha kuhesabu. Zuhura yeye hakushusha sauti. Askari wa Mkubwa walipomsimamisha katikati ya anga na kumuuliza anakwenda wapi, aliwaambia, na akawaambia pia atakachofanya akifika. Wanawake walisikiliza hayo jikoni, simu imebanwa sikioni, wakijifuta machozi kwa pindo za kanga. Adija mwenyewe alikuwa mwoga wa kutupwa. Gari la askari likipita polepole mtaani, aliingia ndani akafunga mlango. Ila akishabonyeza kile kitufe, woga ulimtoka, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu ambaye siku zote alitamani kuwa. Aliipenda ile dakika kuliko chakula.

Sasa kipande chenyewe kilichoponyoka kilisema hivi, kwa sauti yake nzito ambayo Buyenzi nzima inaifahamu: "Sikilizeni vizuri. Vyombo tatu zitashuka Kajaga mbele jua itoke. Watu ya Buterere wako tayari. Mutu asiwashe taa. Tukishapata Kajaga, Mkubwa hana tena mahali ya kukimbilia."

"Nani alikitoa kwenye kundi?" Adija aliuliza.

Lubna akaanza kulia. "Ni mi. Nilimutumia shemeji yangu Anouar, si unajua anachoma samaki kule plage ya Kajaga, kando ya ziwa? Nilitaka acheke tu. Wallahi, nilitaka acheke."

Anouar hakucheka. Hakuwa amesikia habari za Zuhura hata siku moja. Alichosikia ni mtu anayejua anachosema, anayetaja mahali anapolala yeye na watoto wake. Akamtumia mkewe, mkewe akamtumia dada yake, na haikuchukua muda watu wakaanza kuhama Kajaga na magodoro kichwani kwenda kujibana kwa ndugu. Jumapili, siku ambayo pale ufukweni huwa hapapitiki kwa muziki na moshi wa samaki, hapakuwa na mtu. Viti vya plastiki vilibaki vimegeuziwa ziwa, na wenye mamlaka wakataka kujua ni nani aliyeweza kuutisha mji kiasi kile kwa maneno ya nusu dakika.

"Umeniua, Lubna," Adija alisema. Hakusema kwa hasira, alikuwa anaeleza tu hali ilivyo.

Lubna alijifuta pua, akatazama zile sufuria, akatazama mnara wa sahani uliopangwa ukutani. Uso ukamchangamka ghafla. "Lakini Mama Raihana, we kazi yako ni nini? Si vyombo? Utasema ni vyombo ya arusi! Sahani! Arusi ilikuwa Kajaga!"

Wakatazamana, na kidogo tu wangecheka. Hapo ndipo simu ya Adija ilipolia. Alikuwa mwenye duka la fotokopi la Nyakabiga, anakofanya kazi Raihana. Alisema maneno machache kwa haraka, kama mtu anayeogopa hata simu yake. Asubuhi walikuja watu, wakataja namba ya laini iliyotoa ile audio, wakaondoka na Raihana.

Adija hakuhitaji kuuliza kwa nini Raihana. Karangamuntu ya Adija, yaani kitambulisho chake, ilipopotea, ni Raihana aliyekwenda kuandikisha laini ile kwa jina lake mwenyewe, akarudi akamkabidhi mama yake akisema, haya, sasa unaweza kusimulia mpaka ulimi uote sugu. Sauti ilikuwa ya mama, jina lilikuwa la mtoto.

Akanawa mikono. Alinawa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akavaa juba lake jeusi na kushika njia kwa miguu, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu na mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni.

Ofisi ya watu wa usalama ilikuwa nyumba ya kawaida yenye geti la bati, haina kibao. Kila mtu aliijua na hakuna aliyewahi kuionyesha kwa kidole. Adija alifika hapo akiwa amekwisha kulisuka neno kwa neno jibu atakalotoa. Sahani. Seti tatu. Arusi. Alilirudia chini kwa chini pamoja na dua zake, mpaka dua na sahani vikachanganyika.

Walimkalisha chumba cha ndani mbele ya mzee wa makamo, nadhifu, mwenye miwani ya kusomea, ambaye wote walimwita chef, yaani mkuu. Alimkaribisha kiti. Akamuuliza kama amekuja kwa miguu, akasema pole, na akaagiza aletewe maji. Upole huo ndio uliomtia Adija baridi, kwa sababu mtu anayefoka walau unajua amefika wapi. Pembeni alikaa askari wa kike kijana, jina lake Joëlla, anaandika maelezo. Na nje ya mlango mwingine, uliofungwa, Adija aliziona ndara za Raihana zimepangwa pamoja vizuri.

Zile ndara zilimmaliza. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo alikuwa peku nyuma ya mlango.

Chef akaweka simu mezani, akaicheza ile sauti. Chumbani mle ilisikika mbaya. Hata Adija mwenyewe angehama Kajaga.

"Ni we?" chef akauliza.

"Ni mi, chef. Lakini ni vyombo ya kulia. Mi nakodisha sahani. Uliza Buyenzi yote."

"Sahani tatu?"

"Seti tatu. Kulikuwa arusi."

"Na ile, mutu asiwashe taa?"

"Courant, chef. Nyumba ile installation yake ya umeme iko mbaya, ingeweza kutuunguza."

Chef akatikisa kichwa taratibu. "Na Mkubwa, anakimbia nini?"

"Ni bwana-arusi. Alikuwa anakimbia ndoa."

Joëlla aliinamisha uso kwenye karatasi na mabega yake yakatikisika kidogo. Chef naye akatabasamu, akavua miwani, akaifuta. Adija alihisi hewa inarudi kifuani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Lubna, akaanza hata kufikiria watakula nini usiku.

"Bon," chef akasema. "Sasa nisaidie kitu kimoja, mama. Mutoto wako tangu asubuhi anasema ni hadithi. Hadithi ya nyota, na kapiteni mwanamuke. Nilimuuliza hivi, nikamuuliza vile, hajabadilisha hata neno moja. Mi nilikuwa karibu kumuamini." Akavaa miwani yake. "Lakini we unasema ni sahani. Kwa hiyo mutoto amenidanganya. Na mutu anadanganya kwa sababu anaficha."

Adija alikaa pale na kuuona uwongo wake unavyofanya kazi. Alikuja kumtoa mwanawe, na kwa mdomo wake mwenyewe amemfungia mlango ambao ulikuwa umeanza kufunguka. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti, bila kupanga.

"Yeye ndo anasema kweli. Mi ndo muongo. Ni hadithi, chef. Hakuna sahani, hakuna arusi. Muache yeye, unikamate mi."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa."

"Mutu hana kosa, anaogopa nini?"

Swali lile lilikuwa na jibu, na kila mtu mjini alikuwa nalo, chef mwenyewe akiwamo. Ila si jibu la kutolewa mbele ya mtu anayeandika.

"Amka, mama, kaa," chef akasema. "Kama ni hadithi, basi iko na mbele. Utasimulia hapa, sasa hivi, na simu itakuwa inachukua. Na leo iishe. Hao waasi wamalizwe, wote, ili mutu asibaki nyumbani anangojea kitu. Audio hiyo tutairudisha kwa watu wote walipata ile ya kwanza. Wakishasikia, utaenda na mutoto wako."

"Wote, chef?"

"Wote."

Lile neno, waasi, chef alilitamka haraka, kama mtu anayeshika kaa la moto. Adija alitambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwamba katika usimulizi wake wote neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Siku zote alisema watu ya Zuhura. Aliogopa hata huko juu kwenye nyota.

Chef akabonyeza kitufe. Adija akasema bismillah, na akaanza.

Mwanzoni sauti ilimtetemeka, maneno yakatoka moja moja. Angependa kuiharibu ile hadithi, aisimulie vibaya, imalizike haraka pasipo mtu kuumia. Lakini kuna watu ambao kazi yao hawawezi kuifanya vibaya hata wakitaka, na Adija alikuwa mmoja wao. Alipofika pale vyombo vitatu vinapozima taa na kuteremka kimyakimya juu ya ziwa la Kajaga, sauti ilikuwa imekaa sawa, na mikono yake ilikuwa imeanza kuchora hewani.

Akasimulia jinsi walivyosalitiwa. Askari wa Mkubwa walikuwa wamelala mchangani wakiwangojea. Chombo cha kwanza kilikuwa cha bibi mmoja wa Nyakabiga, aliyepanda na jiko lake la imbabura na kigunia cha makaa kwa kuwa hakuamini kwamba huko juu kuna mtu anajua kupika. Kiliungua chote kabla ya kugusa maji. Chombo cha pili kilijaa watu wa Buterere, watu ambao hawakuwahi kulala kwenye sakafu kavu tangu wazaliwe, nao walipoona moto wa wenzao hawakugeuza. Waliimba. Kila mlio wa bunduki ulipunguza sauti moja kwenye ule wimbo, mpaka akabaki anaimba mtoto mmoja wa kike, halafu hakubaki mtu.

Machozi yalikuwa yanamtoka Adija na hakuyafuta. Aliwajua wale watu. Alikuwa amewapa majina, amewapa vikohozi na wakwe wabaya, na sasa alikuwa anawachinja mmoja mmoja ili mtoto wake avae ndara zake. Kalamu ya Joëlla ilikuwa imesimama. Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameingia hatua moja ndani bila kujijua. Chef alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi, macho yametua mezani, hapepesi.

Kikabaki cha Zuhura. Injini ikazimika, kikaanguka ufukweni, na Zuhura akatoka peke yake, mguu mmoja umevunjika, akasimama kwa kushikilia mlango. Wakamzunguka. Na Mkubwa wa Nyota, ambaye watu hawakuwahi kumwona ila kwenye picha, akashuka yeye mwenyewe, akatembea juu ya mchanga mpaka mbele yake, akamwambia piga magoti. Zuhura akamtazama. Mkubwa akainua mkono kuwapa askari ishara.

Adija akavuta pumzi.

"Asife," chef akasema.

Chef alikuwa bado anatazama meza. "Huyo asife," alisema tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Adija alimwona anavyoisikia: shingo ilikakamaa, macho yakapanda kwa Joëlla, kutoka kwa Joëlla yakaenda kwa mlinzi, na kutoka kwa mlinzi yakarudi kwenye simu, ambayo mezani pale bado ilikuwa inachukua kila kitu. Akainyakua kwa mikono miwili. Akakosea kitufe, akakosea tena, ndipo akafaulu kuifuta ile audio.

"Nilitaka kusema akamatwe," akasema. "Mutu kama huyo akikufa, wanamufanya shujaa. Ni hiyo tu nilitaka kusema."

"Ego, chef," mlinzi akakubali, na kurudi mlangoni.

"Mi sikuandika kitu, chef," Joëlla akasema.

"Kuna mutu alikuuliza?"

Joëlla akainamisha kichwa. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka chef juu ya mdomo. Alipomgeukia Adija, ule upole wote ulikuwa umekwisha, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Adija alikifahamu vizuri, maana alikiona kwenye kioo kila asubuhi.

"Chukua mutoto wako. Hakuna audio, hakuna hadithi, hukuja hapa. Nikisikia tena sauti yako mahali yoyote, mama, mahali yoyote, sitakuuliza kitu."

Mtu mwingine angefurahi. Adija aliogopa kuliko wakati wowote wa siku ile. Chef mkali angemchoka na kumsahau. Huyu aliyekwishaumbuka mbele yake asingemsahau kamwe, na kila atakapolala atajiuliza yule mwanamke wa Buyenzi amemwambia nani.

Mlango ukafunguliwa, Raihana akatoka. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini alitembea wima, akavaa ndara zake, akamkumbatia mama yake kwa nguvu. "Niliwaambia kweli, Mama," alimnong'oneza. "Kila saa niliwaambia kweli." Adija alimshika mkono akamvuta, watoke kabla mtu hajabadilisha nia.

Uani Raihana akasema tena, uso unang'aa, "Nilikuwa nasikia sauti yako kwa ukuta. Ni kama wamekuwekea bunduki kwa kichwa na bado hukumuua Zuhura. Mi ningekuwa we, ningemuua." Akaubana mkono wa mama yake. Tangu azaliwe hakuwahi kumtazama mama yake hivyo, na Adija aliona aibu na raha kwa pamoja.

Joëlla aliwafuata kufungua geti. Alishika komeo, hakulivuta. Akatazama nyuma, akasogea karibu.

"Mama," alisema chini kwa chini, "yule Zuhura. Mwishoni alipona?"

Adija alimtazama usoni. Alikuwa msichana wa umri wa Raihana, ana kovu dogo kwenye nyusi, macho mekundu kama ya mtu aliyelia akajificha. Alikuwa pia na magwanda, na kalamu mfukoni, na mkuu wake alikuwa ndani ameogopa. Huenda alitaka kujua tu, kama walivyotaka kujua wanawake wote wa lile kundi. Huenda alikuwa ametumwa. Adija alizipekua zile sura mbili katika uso mmoja na hakuweza kuzitenganisha.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo kitambo, alilitunza kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu. Zuhura angecheka. Angecheka mbele ya Mkubwa, na askari wale wote, ambao hawakuwahi kusikia mtu akicheka mbele yake, wangeshusha silaha mmoja baada ya mwingine, kwanza yule mdogo kuliko wote. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Raihana alikuwa anangoja, anatabasamu, anajua kwamba mama yake atayasema.

"Alikufa," Adija akasema.

Joëlla hakusogea. "Palepale?"

"Palepale, mwanangu. Alipiga magoti, akaomba Mkubwa amusamehe, halafu wakamuua. Wote walikufa. Hakuna kitu inabaki."

"Sawa, mama," Joëlla akasema, na uso wake haukusema kitu chochote. Akavuta komeo, akawafungulia.

Walipokuwa wamefika barabarani Raihana alitoa mkono wake katika mkono wa mama yake. Hakuutoa kwa ukali. Aliutoa polepole, kidole kwa kidole, akakaza mwendo akatangulia. Adija alitaka kumwita amsubiri, lakini barabara ilikuwa na watu, na sauti yake ilikuwa inafahamika.